Mzee Aliyeanguka Miguuni Pangu

Juzi nilitazama kwenye simu filamu ya zamani isiyo na rangi. Kijana mmoja alijikwaa, akaanguka chali, nikacheka. Kisha nikamtambua: alikuwa yule mzee wa Beechmont, nyumba ya kutunzia wazee alikofanya kazi mama nilipokuwa mdogo.

Alasiri moja mama alinipeleka huko. Korido ilinuka sabuni na supu. Mzee aliniona, akajikwaa, akaanguka kwa kishindo miguuni pangu.

"Mama, babu amekufa!" nililia.

"Bon mwanangu, usilie. Anakuchekesha tu. Alikuwa mchekeshaji wa jukwaani, halafu wa filamu, halafu wa televisheni."

Sikuelewa. Laiti ningalicheka. Mzee aliinuka kwa shida, akishika ukuta, akamuuliza mama kama yeye mwenyewe ameanza kuisahau kazi yake ya kuchekesha. Mama alikuwa akinifuta machozi. Hakumsikia.