Siku Niliyozima Kinu cha Nyuklia

Baba yangu aliendesha jenereta za dizeli zilizokuwa zikifua umeme wa mji wa Kigoma. Pale nyumbani Ujiji alizungumza kwa sauti ya juu hata mezani, kwa kuwa ngurumo za zamuni hazikumtoka masikioni upesi. Alikwisha kustaafu nilipoanza kufundisha fizikia katika sekondari moja ya Mwandiga. Nilipomwambia nimechaguliwa kwenda ng'ambo wiki mbili, na walimu wenzangu wa sayansi, kuona mtambo wa umeme wa nyuklia, aliweka kikombe chini.

"Si ndiyo bomu hilo?"

"Hapana, baba. Bomu linataka urani iliyorutubishwa kwa kiwango kikubwa sana. Ya mtambo haifiki huko. Atomu zake zinapasuka, zinatoa joto, joto linageuza maji kuwa mvuke."

"Na mvuke unazungusha mashine."

"Ndiyo."

"Basi ni jiko. Nani analipoza?"

Nikaanza kumweleza habari za pampu. Akanikatiza.

"Pampu inaendeshwa na umeme. Sasa umeme ukikatika kwao, kama unavyokatika hapa, nini kitazungusha hiyo pampu? Kawaulize. Usirudi bila jibu."

Mtambo ule ulikuwa kando ya bahari. Getini tulikabidhi simu, kisha kila mmoja wetu akabandikwa kifuani kidude cha kupimia mionzi, ukubwa wa kibiriti. Ndani ya jengo la mashine sakafu ilitetemeka mpaka nikaisikia kwenye magoti. Miaka yote nilikuwa nikichora mambo haya ubaoni kwa chaki, na sasa yalikuwa yakinipita kwenye miguu. Maji yanayozunguka ndani ya kinu, pale atomu zinapopasukia, tulielezwa, hubanwa kwa shinikizo kubwa yasichemke, na hayachangamani kabisa na maji yanayogeuka mvuke. Yanapeana joto tu kupitia kuta za mirija. Maji ya bahari nayo yana njia yake ya tatu, ya kuupoza mvuke ukishamaliza kazi. Niliuliza maswali mengi hadi mwalimu mwenzangu kutoka Dodoma akanivuta mkono.

Kinu chenyewe hatukukiona. Kimefunikwa na jengo la zege nene, limefungwa ili hata jambo likiharibika ndani, mionzi isitoke nje. Lakini tulipelekwa kwenye chumba cha mazoezi, kinachofanana kabisa na chumba cha kuongozea mitambo, ila hakijaunganishwa na kinu halisi. Mkufunzi wetu alikuwa mama mfupi, umri wa mama yangu, miwani imening'inia shingoni.

"Nani anataka kukizima?" aliuliza.

Nilikuwa nimeshasimama kabla hajamaliza. Akanionyesha kitufe chekundu, nikakibonyeza. Kengele zikalia, taa zikabadilika rangi, na kwenye skrini nikaona fimbo za kudhibiti zikidondoka katikati ya mafuta ya urani, ambayo ni vidonge vigumu ndani ya mirija, kuzinyonya nyutroni, zile chembe zinazopasua atomu. Ilichukua sekunde mbili hivi.

"Fimbo hizo zimeshikwa na sumaku ya umeme," alisema yule mama. "Umeme ukikatika, sumaku inaachia, zinaanguka kwa uzito wake. Haihitajiki mtu."

Nilicheka kwa furaha. Hapo akanigusa bega, akanielekeza kwenye namba moja pembeni ya skrini. Joto bado lilikuwa likizalishwa. Lilikuwa dogo ukilinganisha na la mwanzo, lakini lilitosha kuyeyusha mafuta yale kama yangeachwa bila maji. Vipande vya atomu zilizokwisha kupasuka huendelea kutoa joto kwa siku na miezi. Nilikuwa nafundisha jambo hilo kwa mistari miwili, halafu napita.

Nikamuuliza swali la baba.

Akavaa miwani akanitazama. "Baba yako anafanya kazi gani?"

Nikamwambia. Akatabasamu, akasema tukitoka kula atanionyesha kitu.

Alichonionyesha kilikuwa jenereta za dizeli. Niliijua harufu kabla mlango haujafunguliwa wote. Zilikuwa mbili, kila moja kwenye chumba chake, ukuta mnene katikati ili moto wa huku usifike kule. Zimejengewa juu, mafuriko ya bahari yasizifikie. Moja peke yake inatosha kuendesha pampu za kupoza. Nikaweka kiganja kwenye injini iliyokuwa imezimwa, nikakuta ina joto.

"Tunazipasha muda wote," alisema, "ili zikiitwa ziwake ndani ya sekunde chache."

Jioni nilimpigia baba. Nilianza kueleza hata kabla ya shikamoo, ikabidi nirudi nyuma niamkie. Nilipofika kwenye jenereta alinikatiza.

"Zenyewe kabisa? Za dizeli?"

"Za dizeli, baba. Ndizo zinazolinda mtambo mzima."

"Wanazijaribu kila baada ya muda gani?"

"Kila mwezi."

"Zikiwa na mzigo, au zinanguruma bure?"

Sikuwa nimeuliza. Kesho yake nikauliza: hujaribiwa zikiwa na mzigo. Nilipompa jibu alisema, "Hao wanajua kazi," akaita nyumba nzima ije isikilize.

Niliporudi nilimwalika darasani. Alivaa koti lake la harusi, akawaeleza kidato cha nne kwa nini injini isiyojaribiwa ni chuma tu. Binti mmoja, mzaliwa wa Kagunga, kijiji cha kando ya ziwa, akauliza mafuta ya urani yaliyokwisha kutumika yanatupwa wapi. Nikasema hayatupwi: hukaa miaka ndani ya bwawa refu la maji yapoe, kisha hufungiwa kwenye makasha mazito, na italazimu yalindwe maelfu ya miaka. Sikutaka kulipunguza jibu hilo.

Binti yule akainua mkono tena. "Na yale maji ya kupozea, mwalimu. Yangerudishwa kwenye ziwa letu yakiwa na joto, dagaa wangekuwaje?"

Baba akanitazama. Nikasema sijui, tuanze kwa kwenda kupima joto la ziwa wenyewe.

Jumamosi asubuhi tulikuwa ufukweni, wanafunzi kumi na mmoja, kipimajoto kimefungwa kwenye kamba ya katani, mashua ya kuazima. Tulipima juu, tukapima chini, tukaandika. Baba alishika kamba huku akibishana na yule binti kama jiwe la kuzamisha linatosha, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanawake waliokuwa wakianika dagaa, wakaja kutuuliza tunatafuta nini.