Nyumba Inayopigiwa Hodi

Juzi, kwenye ofisi moja ya misaada, mbele yangu dirishani alisimama mama mmoja wa mtaa wa Kinama. Vita vilikuwa vimepita huko kwao. Karani alikuwa na fomu ya Kiingereza yenye maneno mawili ambayo kwangu mimi ni mapacha. Akamfasiria.

"Mama, iko nyumba yenye kuharibika, na iko yenye kuteketea. Ya kwanza tunaipa mabati. Ya pili, mwenyewe tunamuhamisha kambini. Ukuta zilibaki?"

"Hata moja."

"Mabati?"

"Baliiba."

"Basi iliteketea." Akainua kalamu.

Mama akaifunika fomu kwa kiganja. "Apana, mutoto yangu. Majirani bangali banapiga hodi."

Karani akaweka alama kwenye neno la kwanza. Mimi nilitoka nikinung'unika: hayo mabati yatapigiliwa juu ya nini, juu ya hewa?

Jumapili asubuhi nikaenda Kinama kuona. Ukungu wa ziwani ulikuwa bado haujaondoka, na kiwanja cha yule mama kilikuwa kimefagiliwa kikang'aa. Jirani alikuja kuomba moto. Akauzunguka ukuta usiokuwepo, taratibu, hadi pembeni, akasimama mahali fulani na kuita hodi. Akakaribishwa.

Nami, kwa kuwa mama nilimwona wazi ameketi penye mafiga, nikakata moja kwa moja kwenda kumsalimia.

"We!" akashtuka. "Unapita mu ukuta? Pitia ku mulango!"

Nikaomba radhi. Nikarudi nyuma, nikazunguka, nikapiga hodi.