Ukanda wa Seligmann

Kwa miaka kumi na tisa Recha Ottensooser alizunguka vijiji vya eneo la Frankonia na begi la karatasi na rangi, akichora mapambo ya masinagogi. Maprofesa walikuwa wakisema Wayahudi hawana sanaa, na yeye, mkaidi wa kuzaliwa, aliapa kuwafunga midomo. Alichovuna hasa ni magoti mabovu na kikohozi cha vumbi la darini.

Alhamisi moja ya mwaka 1927 alifika kijiji kilichobakiwa na wanaume sita wa Kiyahudi, na sala ya jamaa hutaka kumi. Sinagogi lilikuwa linafungwa. Mtunzaji wake, Mzee Maier Schloss, alishajaza sanduku la vitu vitakatifu vilivyochakaa, vikazikwe makaburini kabla jua halijazama, kama ilivyo desturi. Ndani mlikuwa na kanda za kufungia magombo ya Torati. Mtoto wa kiume akishatahiriwa, mama hukifua kitambaa alicholazwa, akakikata, akakishona ukanda na kuutarizi jina lake na dua kwamba akue, aoe, atende mema. Ukanda mmoja ulikuwa wa mwaka 1731, una simba na korongo wa rangi, na Recha alipouona alisahau magoti.

Alimwomba Mzee Maier aupeleke makumbusho. Alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Mzee akamwambia kilichochakaa huzikwa hata kikiwa kizuri. Yeye mwenyewe alikuwa kijana mzuri, na atazikwa. Akampa saa moja achore.

Ndiyo kwanza anachovya brashi, akaingia Babette Rau, mjane wa mchuuzi wa ng'ombe. Akachakura sandukuni, akatoa ukanda wa mwanawe Seligmann, aliyepotea vitani.

"Dada, nichoree huu."

Recha akautazama. Herufi zilikwenda upande, na simba alifanana na paka aliyenyeshewa.

"Mama Seligmann, saa yenyewe inatosha mmoja tu. Wako nitamsihi mzee akuachie, usizikwe."

"Nani kakwambia sitaki uzikwe? Mwanangu hawakumpata hata kidole. Leo ndiyo namzika. Nataka picha tu ya kubaki nayo."

Recha aliona haya, na uchovu wa miaka yote ukamshukia mabegani. Akausogeza kando ule wa 1731, akamchora paka yule na herufi zake za upande, asinyooshe hata moja. Saa ilipokwisha, akampa mama picha.

Makaburini walishika koleo kwa zamu. Recha, aliyetaka kuzuia mazishi, alitupia udongo mara tatu kama wenzake.

Katika kitabu alichokitoa baadaye, ukanda wa 1731 una mstari mmoja tu, bila picha. Maprofesa walimcheka: mtafiti gani huyo, anaona kitu kama kile, asikichore? Siku ile alikuwa msibani.