Tembo Aliyeshushwa Cheo

Duan Mengke aliingia Beijing akiwa na miaka kumi na tisa, baada ya kutembea miezi mitano kutoka Yunnan pamoja na tembo jike aliyepelekwa kwa mfalme kama zawadi. Alitumwa amfikishe tu, kisha arudi. Lakini tembo huyo, jina lake Wingu, alikataa kulishwa na mtu mwingine, na Duan akabaki moja kwa moja.

Enzi hiyo ya Ming, tembo wa kasri walikuwa na vyeo kama maofisa. Kila alfajiri walisimama langoni wawili wawili. Wakuu wakishaingia, tembo walipishanisha mikonga kulifunga lango, na aliyechelewa akabaki nje. Wingu alikuwa wa cheo cha tatu.

"Mimi nimeolewa na mtumishi wa tembo," mkewe Duan, Zhensu, aliwaambia majirani. "Tembo mwenyewe anamzidi mume wangu cheo, na chakula pia!"

Siku ya kuogesha tembo, mji mzima ulimiminika kwenye handaki la maji la ngome. Ofisa mmoja mnene akajisogeza mno, akawa anamchokoza Wingu kwa upepeo wake. Wingu akavuta maji, akayamwaga yote kwenye ile hariri mpya. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kesho yake karani akasoma amri mbele ya zizi: Wingu ameshushwa hadi cheo cha tano, na mchele wake upunguzwe nusu.

Duan aliona aibu kana kwamba ameshushwa yeye.

"Baba Lanyu, usimnunie mnyama wa watu," Zhensu alimwambia. "Kwani wewe hukutamani kummwagia?"

"Nilitamani sana," Duan akakiri, wakaangua kicheko.

Alfajiri Wingu akapelekwa mstari wa nyuma, akaenda bila ubishi. Aliyegoma ni dume aliyezoea kusimama naye: mkonga hakuunyanyua kwa tembo mgeni aliyewekwa mahali pa Wingu. Siku tatu lango halikufungwa, wachelewaji wakapita wakichekelea.

"Wewe mchunga, fanya kitu!" mkuu wa lango akafoka.

"Mheshimiwa, miguu yake naiamrisha, moyo wake siuwezi. Mrudishieni mwenzake."

Wakamrudisha Wingu, pamoja na cheo chake na mchele wake. Duan alimchunga miaka ishirini na miwili zaidi, na bintiye Lanyu alijua kupanda shingo ya Wingu kabla hajajua kushika sindano, jambo ambalo Zhensu alilalamikia kila siku huku akitabasamu.