Usukani wa Onesphory Uliokataa Kutulia

Onesphory ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea mimi hapa Tlawi, na sasa ni mtu mzima mwenye mke, na kibanda cha kutengeneza redio na simu pale Dongobesh. Namwandika kwa sababu watu wanamcheka bila kujua wanachokicheka. Mimi nimesoma darasa la nne, lakini la enzi zetu, si la siku hizi, na kwenye benchi la kibanda chake nimekaa vya kutosha. Ninachokisema nimekiona.

Ugonjwa wa ndege ulimwanzia Haydom. Nilimpeleka hospitali akiwa mdogo, ndege ya madaktari ikatua, akaniponyoka mkononi akaenda kuligusa bawa. Alilia nilipomrudisha, na sindano hakuililia. Urubani hakuupata. Basi mwaka jana akaamua kujitengenezea: kompyuta ya mtumba yenye mchezo wa ndege unaofuata kanuni za ndege ya kweli, usukani wa mbao ya mgrevilea, pedali zilizovalishwa raba ya tairi.

Mwalimu Philemon wa fizikia, aliyeletwa huku kutoka Kagera, akaiona akapendezwa. Akamwambia, "Fundi, ilete siku ya mahafali. Wazazi wakiona inaruka vizuri, mkuu wa shule atakupa kile chumba cha pembeni uwafundishe vijana. Isiporuka, tunaweka humo maharage ya shule."

Tangu hapo Onesphory hakuwa na neno lingine mdomoni ila chumba.

Kilichomtesa ni kidude kidogo kuliko ukucha, kile cha kuiambia kompyuta usukani umezungushwa kiasi gani. Akaanza na volyumu za redio mbovu, vile vya kuzungusha kuongeza sauti, maana anazo debe zima. Aibu tupu! Volyumu ya redio imetengenezwa kwa ajili ya sikio: unazungusha, unazungusha, kimya, halafu ghafla inapiga kelele. Na ndege ikawa hivyo hivyo. Kushoto inainama polepole kama ng'ombe anayekunywa maji, kulia inajirusha. Akatafuta volyumu za aina nyingine, zinazopanda sawasawa. Hizo zilikwenda vizuri mpaka upepo wa kiangazi ulipoanza. Vumbi likaingia ndani, ndege ikatetemeka angani hata akiwa hajaugusa usukani.

"Baba Doris," mkewe Mectilda akamwambia, "ndege yako ina malaria. Abiria wote wametapika."

Onesphory akanieleza kwamba ipo sensa, yaani kidude cha kuhisi, isiyogusana na kitu. Sumaku inazunguka na usukani, na yenyewe imekaa pembeni inaihisi tu. Hakuna kusuguana, vumbi halina kazi.

"Basi si uagize hiyo?" nikamuuliza.

"Mama, ngoja kwanza nizisafishe hizi."

Akazisafisha kwa petroli. Zikatulia kidogo, zikaanza tena. Akatia mafuta ya alizeti. Nikamwambia, mafuta na vumbi la Dongobesh ukivichanganya unapata uji. Akanijibu, "Mama, mimi ni fundi." Kesho yake alikuwa anakwangua uji.

Mahafali yalipokaribia ndipo akapiga simu dukani Arusha. Nilikuwepo, nilisikia kila neno.

"Kaka, nataka sensa ya sumaku."

"Zipo. Ipi?"

"Ya sumaku, bwana! Ya kitu kinachozunguka."

"Ya mzunguko. Sawa, nakutumia."

Mzigo ukaja na basi dogo. Akafunga, akawasha, akazungusha usukani taratibu. Ndege ikakaa kimya, halafu ikalala ubavu wote mara moja. Akarudisha: ikasimama wima mara moja. Katikati hakuna. Kidude kile kilijua mambo mawili tu, sumaku ipo au sumaku haipo. Akapiga simu kwa ukali, na yule wa dukani akamjibu kwa upole kabisa: "Kaka, si ulisema kinachozunguka? Hiyo ndiyo ya kuhesabu mizunguko ya gurudumu."

Mectilda akashika mbavu. "Sensa si kuhesabu? Walipokuja wale wa serikali na vishikwambi vyao walifanya nini hapa, walilima?"

Nilicheka, sitasema uongo. Halafu nikakasirika, kwa sababu alitakiwa kusema maneno machache tu: nataka inayopima, siyo inayohesabu. Mtu anayejua kitu kwa mikono na asikitaje vizuri kwa mdomo anaumiza kuliko mjinga.

Akaagiza inayopima. Haikuwahi.

Siku ya mahafali akaenda na volyumu. Mzazi wa kwanza kukaa kwenye usukani alikuwa mzee Gidahosh wa Bashay, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi kuliko ng'ombe. Upepo ulikuwa unapiga uwanja mzima. Ndege ikatetemeka, ikapinda kushoto, ikaingia kwenye mlima. "Huyu rubani anasafirisha watu au anazika?" mzee akauliza, na uwanja wote ukacheka. Onesphory aliinama anafuta usukani uliokuwa hauna uchafu. Jioni magunia ya maharage yakaingia chumbani.

Sensa za kupima zilikuja wiki iliyofuata. Akazifunga. Akaniweka mimi kwenye usukani. Nikazungusha kidogo, ndege ikainama kidogo. Nikaachia, ikatulia kama maji kwenye beseni.

Nikatoka hapo hapo mpaka shuleni.

"Shikamoo mama," Mwalimu Philemon akasema.

"Marahaba. Njoo uione sasa."

"Nitakuja, mama. Lakini chumba kimejaa mpaka mwakani."

"Sikuulizi chumba. Nasema njoo uone."

Akasema atakuja Jumamosi. Jumamosi zimepita. Onesphory ameufunika usukani kwa kitenge cha mkewe na amerudi kwenye simu za watu, na mtu akimtajia ndege anamuuliza simu yake ina tatizo gani. Mimi nimemwambia Mwalimu, na nitamwambia tena nikikutana naye kanisani: maharage huliwa yakaisha. Yakiisha, nitakuwa mlangoni.