Biti Mbili za Chini

Giza ukiliongezea mwangaza kwa hesabu tu, bila taa wala kiberiti, utaona kilichokuwamo au kisichokuwamo? Wanja aliniuliza hivyo. Cheka ukitaka, mimi mwenyewe ningecheka. Lakini haya yalinitokea mimi, si mtu niliyesimuliwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, katika kiwanda cha chai huko juu Kibugu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu majuzi, na sikuamini kitu kisichopimika. Kazi yangu ilikuwa kujaribu kamera iliyofungwa juu ya mkanda wa kupeleka majani kwenye kikaushio, ili kompyuta itambue mabua. Alasiri moja stima ikapotea. Chumba kile hakina dirisha. Kompyuta na kamera zilikuwa na betri, nikaona nijaribu giza lenyewe.

"Wewe madam! Hata giza utalipima?" Wanja, msimamizi wa zamu, alinitania.

Nilimweleza. Kamera hupima mwanga kwa biti kumi, yaani tarakimu za sufuri na moja, lakini skrini hupokea nane. Kwa kawaida tunatupa mbili za chini, zinazobeba weusi mzito. Ukisogeza zote kushoto hatua moja, mwangaza unakuwa maradufu. Hatua mbili, mara nne. Palipong'aa pataungua pawe peupe, lakini gizani huenda kitu kikajitokeza. Ndipo akauliza swali lake.

Nikasogeza hatua moja. Weusi. Nikasogeza ya pili.

Niamini: kwenye skrini, mwanamke mzee alikuwa ameketi chini ya mkanda, kitambaa kichwani, bega moja limeinama. Niliinua macho kutazama pale pale. Giza tupu.

"Picha imechafuka, ni chembechembe za umeme tu," nikasema. Je, ungesema nini?

Wanja hakucheka. "Huyo ni mama yangu. Tulimzika Runyenjes."

Kutoka chumba cha jenereta, fundi Njeru akapaza sauti: "Nawasha! Mko sawa huko?"

"Usiwashe!" Wanja alipiga ukelele. "Wawira yuko chini ya mkanda!"

Wawira ni bintiye mdogo, ambaye siku hiyo alikuwa ameachwa kwa bawabu wa lango. Anaitwa jina la nyanya yake, kama ilivyo desturi huku, na hata mamake humwita "mama". Wanja hakuhitaji kingine. "Mama hawezi kukaa pale bure," alisema huku akitambaa gizani. "Amekaa na mwenye jina lake."

Njeru alikuja na tochi. "Mayowe ya nini? Kwani kuna chui?" Kisha akamulika chini ya mkanda. Mtoto alikuwa amelala fofofo, mkono wa sweta yake umenaswa kwenye rola. Mkanda ungezunguka mara moja, ungemvuta ndani. Hapakuwa na mwingine.

Wawira sasa ni mama wa watoto. Mimi bado nauliza kila kitu, ila kuna neno nililoliacha: "tu". Nawe, ukiona umbo gizani, usiharakishe kuliita chembechembe. Simamisha mashine kwanza, ubishi baadaye.

Miaka mingi baadaye kamera ile ilitupwa, nikaifungua kwa udadisi. Nyaya za biti mbili za chini hazikuwahi kuunganishwa. Tangu siku ya kwanza, zilitoa sufuri; kuzisogeza kushoto hakungeweza kuonyesha chochote ila weusi.