Bibi Alijibu kwa Dakika, Mkwe kwa Sentensi

Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa sayansi ya siasa, nilichagua kutafiti kwa nini wanawake huongea kidogo katika mikutano ya kijiji. Nimezaliwa Kilosa mjini, basi niliona kazi itakuwa nyepesi. Hojaji niliijaribu kwanza Mikumi, kwa akina mama wanaouza vyakula kando ya barabara kuu. Walijibu harakaharaka huku wakigeuza chapati. Nikaenda kijiji cha Tindiga nikiwa na matumaini tele.

Kaya ya kwanza ilikuwa ya wafugaji. Bibi wa nyumba hakujua Kiswahili, hivyo mke wa mwanawe akakubali kunitafsiria. Mzee, mume wa bibi, alivuta kigoda akaketi karibu yetu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Hilo alilijua.

Nikauliza kama wanawake hushirikishwa kwenye mikutano. Bibi akaanza. Aliongea Kimaasai kwa mikono yote miwili, akaonyesha zizi, akaonyesha jua, akacheka, akagonga ardhi kwa fimbo. Alipomaliza, nilimgeukia mkwe nikiwa tayari kuandika.

"Anasema wanashirikishwa vizuri."

"Hayo tu?"

"Lugha yetu ina maneno marefu," akajibu, macho chini.

Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Maswali yote yakaenda hivyohivyo. Bibi alimwaga mvua, mimi nikapata matone.

Nilimpigia simu mhadhiri wangu. Nilidhani atasema nimefeli, kumbe alicheka. "Hapo umeshapata jambo la kuandika," alisema. "Jiulize nani alikuwepo mlipozungumza, na nani alikuwa anatafsiri. Kisha urudi."

Nilirudi siku ya mnada, mzee akiwa amepeleka ng'ombe. Nilikwenda na mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke aliyekulia katika lugha ile. Nilimweleza bibi kwamba ana hiari ya kujibu au kukataa, na kwamba jina lake sitaliandika. Alisikiliza, akatuwekea maziwa, akarudia yale ya siku ile.

Mwalimu alitafsiri huku akijizuia kucheka. "Anasema mkutano huitishwa jioni, ng'ombe wanaporudi. Wanawake wako zizini wanakamua. Wanaume wakishaamua kila kitu, ndipo mumewe anakuja kumwambia wamekubaliana. Anauliza, wamekubaliana na nani, na ndama?"

Mkwe alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. "Dada, ningeyasema hayo mbele ya baba mkwe?"

Tukacheka wote. Kisha bila kuulizwa, mkwe akasogeza kigoda na kusema ya kwake: kisima kipya kilichimbwa mahali ambapo hakuna mwanamke ambaye angepachagua. Niliandika mpaka vidole vikauma, kwa furaha.

Baada ya hapo nilifanya mahojiano na wanawake peke yao, wakulima wa mpunga kwa wafugaji. Wakulima nao walilalamikia saa: jioni wako jikoni au njiani wakitoka shamba. Nilipomaliza, nikaomba nafasi ofisi ya kijiji niwarudishie matokeo, bila kumtaja mtu. Mwenyekiti alikuna kidevu. "Mbona hakuna aliyetuambia?" Halafu akajijibu mwenyewe, "Wangetuambia saa ngapi?" Akatangaza mkutano ujao uwe saa nne asubuhi.

Nilikwenda kuutazama. Wanawake walijaa, wengine wamebeba watoto mgongoni. Bibi alisimama, mwalimu akimtafsiria, akazungumzia njia ya mifugo inayopita pembeni ya mashamba ya mpunga, na mkulima mmoja, mama mnene mwenye sauti kubwa, akampinga papo hapo. Walibishana hadi watu wakaanza kupiga makofi, wengine upande huu, wengine ule. Mzee aliinua mkono mara mbili, zamu yake haikufika.

Mwenyekiti, jasho likimtoka, akanitazama nyuma nilikokaa. "Mtafiti, una la kuongeza?"

"Sina, mwenyekiti," nikasema. "Endeleeni tu."